Sambaza: biskuti yetu ya chumvi ambayo haikuzaliwa Kivu



Leo siandiki juu ya diplome wala juu ya kutafuta kazi. Naandika juu ya kitu ambacho karibu sisi wote tunakula, lakini wachache kati yetu wanajua kilitoka wapi. Ninasema sambaza. Si ile ya supu, wala ile ya kupika na nyanya. Ninasema ile ya kukaanga mpaka inakauka, inanyunyiziwa chumvi, inawekewa pilipili na ndimu pembeni, ile inayolia "kra, kra" mdomoni.

Kwa wale wanaosoma wakiwa mbali, tuanze na jina. Ukiwa Nairobi ukisema "nina hamu ya sambaza", rafiki yako anaweza kuchukua simu akutumie yuniti, maana kule Safaricom waliita hivyo huduma yao ya kugawiana salio. Ukiwa Dar es Salaam watakuuliza unataka kusambaza nini. Lakini ukiwa Goma, Bukavu ao Gisenyi, hakuna mtu atakushangaa. Muuzaji atakuuliza tu: "Ya ngapi?"

Kila pahali watu wako na kitu chao kidogo, kikavu, cha chumvi, cha kutafuna wakizungumza bila kuhesabu. Waamerika wako na biskuti zao za chumvi. Wabelgiji wako na zao. Watu wa pwani wako na chipsi za muhogo. Sisi tuko na sambaza. Na kwa sababu iko kila siku kwenye sahani, tunafikiri imekuwa hapa tangu mababu wa mababu. Haiko hivyo. Samaki huyu ni mgeni katika ziwa letu, na kwa umri ni mdogo kuliko babu na bibi zetu wengi. Aliletwa na watu, mwaka unajulikana, na anaishi kwa masharti magumu sana. Kama ni watu walimleta, basi ni watu pia wanaweza kummaliza. Hilo ndilo ninataka kueleza leo, polepole.

Kitu kikavu hakiozi upesi

Tuanze mbali kidogo, kwa biskuti yenyewe. Biskuti ya chumvi haikutengenezwa kwanza kwa sababu ya utamu. Ilitengenezwa kwa sababu ya safari. Baharia wa Ulaya aliyekaa baharini miezi mingi hakuweza kutegemea mkate wa kawaida, maana mkate unaota ukungu kwa siku chache. Basi walichukua unga na maji, wakaoka mpaka maji yatoke, wakapata kitu kigumu karibu kama tofali, lakini kinachokaa miezi bila kuharibika. Kula ilikuwa kazi. Watu walikiloweka kwanza ndani ya maji ao supu ndiyo meno yaweze.

Baadaye watu walijifunza kuifanya iwe nyembamba. Mwaka 1801, mwokaji mmoja wa Milton, jimbo la Massachusetts huko Marekani, Josiah Bent, alianza kuuza biskuti nyembamba za unga na maji. Jina ambalo Kiingereza kinaziita biskuti za aina ile linatokana na mlio wake: ukiivunja, inapasuka na kulia. Mwaka 1934, wakati uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka, kampuni ya Nabisco ilileta Ritz, ya duara, yenye mafuta na chumvi. Ilikuwa ya bei ndogo, lakini ilimfanya mtu asiye na pesa ajisikie kama amekula kitu cha wenye nazo. Na mwaka 1958, Ubelgiji, ilitoka biskuti ya chumvi ya TUC, ile yenye pembe zilizokatwa. Muuweke mwaka huo wa 1958 kichwani. Tutaurudia.

Katika eneo letu la Maziwa Makuu, biskuti za Ulaya zilifika ndani ya mikebe ya bati, sababu bila mkebe zinavuta unyevu na kulainika. Mkebe wenyewe ukawa mali. Biblia nzima ya kwanza ya Kiluganda, iliyokamilika mwaka 1896, ilichapwa nene na nyembamba ili iingie ndani ya mkebe wa biskuti za Huntley & Palmers, mchwa wasiile. Watu waliiita Biblia ya mkebe wa biskuti.

Tunajifunza nini hapo? Kwamba ule mlio tunaoupenda leo ulizaliwa kwa sababu ya shida. Watu walitaka chakula kikae. Wakatoa maji ndani yake. Kitu kikavu kikalia. Na siku moja wakagundua kwamba kulia kwenyewe ni kutamu.

Samaki wadogo wa kwetu walipita njia ileile. Kandokando ya Ziwa Tanganyika, watu walikuwa wakianika ndakala juani, kisha wanapakia ndani ya magunia na kuwapeleka mbali, kwenye masoko ambako hakuna ziwa. Ndakala mkavu alifika hata kwa mtu ambaye hajawahi kuona mtumbwi. Lakini wakati huo Ziwa Kivu, ziwa letu hili, halikuwa na ndakala wala sambaza.

Ziwa lenye chakula bila mlaji

Watu wa jeolojia, vumilieni nikifupisha. Zamani sana maji ya upande huu yalielekea kaskazini, kwenye bonde la Ziwa Edward na mto Nili. Volkano za Virunga zilipopanda, zilifunga njia. Maji yakajaa nyuma ya ule ukuta mpaka yakapata mlango mwingine kusini, Bukavu, yakaanza kushuka kwa mto Ruzizi mpaka Tanganyika.

Ruzizi si mto wa kupanda. Kivu iko kwenye urefu wa karibu mita 1 460 juu ya bahari, Tanganyika iko karibu mita 770. Katikati kuna mabonde yenye kasi na maporomoko. Maji yanashuka, lakini samaki wa Tanganyika hawezi kupanda. Ndiyo maana maziwa haya mawili, ambayo ni kama ndugu wanaoshikana mkono, yana familia tofauti kabisa. Tanganyika iko na aina zaidi ya 200 za samaki. Kivu, kwa asili, iko na chini ya 30.

Na wale wachache wa Kivu, tilapia na wengine, wanapenda kukaa karibu na ukingo. Katikati ya ziwa, kwenye maji ya wazi, kulikuwa na vidudu vidogo vinavyoelea, vile ambavyo wanasayansi wanaita zuplanktoni. Hakukuwa na samaki wa kweli wa kuvila pale katikati. Ni kama sahani imepangwa mezani na hakuna mtu ameketi.

Tena kuna jambo lingine kuhusu ziwa letu. Kina chake kinafika mita 485, lakini hewa ya oksijeni iko tu kwenye mita 60 hivi za juu, wakati mwingine chini ya hapo. Kutoka hapo mpaka chini ni maji yasiyo na oksijeni, yenye gesi ya kaboni na metani, metani peke yake karibu kilomita za ujazo 60. Kama Kivu ni nyumba ya etaji, basi samaki wanapanga etaji ya juu tu. Nyingine zote zimefungwa. Mkumbuke hii etaji moja, maana itakuja tena mwishoni.

Safari ya 1958

Serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliona hali hiyo na ikawaza: mbona tusilete ndakala wa Tanganyika aje kula hiki chakula kisicho na mlaji? Watu wa Kivu wangepata protini. Mtaalamu aliyesimamia kazi ni Mbelgiji Alexandre Collart. Kati ya 1958 na 1960 vifaranga zaidi ya 50 000 walitolewa Tanganyika, wakabebwa wakiwa hai, wakamwagwa Kivu.

Angalia ajabu ya tarehe. Mwaka uleule ambao Wabelgiji nyumbani kwao walianza kutafuna TUC, Wabelgiji wengine hapa kwetu walikuwa wanaanza kumwaga ziwani kitu ambacho kitakuwa biskuti ya chumvi ya Goma. Hakuna aliyepanga hivyo, lakini ndivyo ilivyotokea.

Na kuna ajabu ya pili. Samaki waliyemkusudia hasa si huyu. Walimtaka ndakala wenyewe, ambaye jina lake la kisayansi ni Stolothrissa tanganicae. Lakini ndani ya wale vifaranga alikuwemo na ndugu yake, Limnothrissa miodon. Wakiwa wadogo, kuwatofautisha si kazi rahisi. Ndakala aliyealikwa hakuishi Kivu. Ndugu yake aliyeingia naye ndiye aliyebaki, akazaa, akajaza ziwa. Huyo ndiye sambaza.

Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ikapata uhuru, na waliofanya jaribio lile wengi wakaenda zao. Samaki alibaki peke yake na ziwa. Katika miaka ya 1970 ilithibitika kwamba ameenea na ni wengi. Kuanzia mwaka 1979, mradi wa FAO na PNUD upande wa Rwanda, kule Gisenyi, ulisaidia kueneza uvuvi wake kwa mbinu za Tanganyika. Kwa hiyo mtu akisema sambaza ni chakula cha asili cha Kivu, mwambie kwa upole: sambaza kama biashara kubwa iko na umri wa watu ambao bado wanaendesha mototaksi asubuhi hii.

Samaki huyuhuyu alipelekwa pia Ziwa Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, mwaka 1967 na 1968. Kule wanamwita kapenta, na wanampenda kama sisi. Kutoka Kariba alishuka mwenyewe na mto Zambezi mpaka Cahora Bassa, Msumbiji. Samaki wa urefu wa kidole, na amekuwa raia wa nchi nyingi kuliko wengi wetu wenye pasipoti.

Taa za usiku

Sambaza hakamatwi mchana kama tilapia. Mchana anakaa chini, kwenye sehemu ya giza ya ile etaji yake moja. Usiku anapanda juu kufuata zuplanktoni. Mvuvi anajua hilo, na anamtega kwa mwanga.

Mitumbwi mitatu inafungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu mkubwa unateremshwa chini katikati, taa zinawashwa juu. Zamani zilikuwa taa za petroli za kupiga pompi. Leo nyingi ni taa za betri. Vidudu vinafuata mwanga, sambaza wanafuata vidudu, wanajaa juu ya wavu. Kisha kundi zima linavuta kwa pamoja, mara nyingi kwa wimbo, ili mikono iende mara moja. Ukisimama ukingoni usiku usio na mwezi, utaona taa zimepangwa ziwani kama mtaa mwingine wa Goma wenye umeme kuliko wetu.

Nimesema usiku usio na mwezi kwa makusudi. Mwezi ukiwa mkubwa, mwanga unatapakaa ziwa lote, na taa ya mvuvi haina nguvu tena ya kuita. Mavuno yanashuka, siku zingine wavuvi wanapumzika. Ndiyo maana kuna wiki bei inapanda bila mtu kuelewa sababu. Mara nyingi mama muuzaji si mbaya. Ni mwezi.

Asubuhi mabaseni yanashuka. Kituku na kwenye viegesho vingine vya ukingo, wamama wanangojea. Mmoja ananunua baseni nzima, anagawa kwa wengine watatu. Motari anapandisha mzigo mjini. Saa nne, sambaza iliyokuwa ikiogelea jana usiku iko Virunga sokoni, iko Mabanga barabarani, iko kwenye karai ya mafuta moto. Hesabuni mikono iliyopita hapo: wavuvi, mwenye wavu, fundi wa taa, mama wa jumla, motari, mama wa rejareja, mkaangaji, mwenye nganda. Kwa samaki wa urefu wa kidole.

Kwa nini hatuwezi kuacha kutafuna

Sasa tuje kwenye utamu. Kwa nini mtu ambaye ameshiba bugali bado mkono wake unarudi kwenye sahani ya sambaza?

Sababu ya kwanza ni mlio. Mwaka 2004, wanasayansi wawili wa Oxford, Massimiliano Zampini na Charles Spence, waliwapa watu chipsi za Pringles wazitafune mbele ya maikrofoni huku wamevaa visikilizio. Walikuwa wanabadilisha sauti ya kutafuna. Sauti ilipopandishwa, hasa ile nyembamba, watu walisema chipsi ni kavu zaidi na mpya zaidi. Chipsi hazikubadilika, ni sauti tu iliyobadilika. Mwaka 2008 walipewa kwa kazi hiyo Ig Nobel, tuzo ya utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Maana yake ni kwamba tunakula kwa masikio pia. Kitu kinacholia kinaambia ubongo: mimi ni kikavu, mimi ni kipya, sijaharibika. Ni ujumbe uleule wa biskuti ya baharia.

Sababu ya pili iko kwenye karai. Samaki mbichi, sehemu kubwa ya mwili wake ni maji. Mafuta yakifika nyuzi 170 ao 180, yale maji yanachemka na kutoka kwa mapovu. Hapa kwetu, kwa urefu huu, maji yanachemka karibu nyuzi 95, si 100. Ule mshindo unaosikia mama akitia samaki kwenye mafuta ni maji yanayokimbia. Mshindo ukipungua, maji yamekwisha. Mkaangaji mzuri hana kipima joto, anasikiliza tu. Wakati huo mifupa midogo na mapezi yamekauka mpaka yanavunjika kama biskuti, na ngozi imegeuka rangi ya kahawia. Ile rangi na harufu yake ni kazi ya protini na sukari zikikutana kwenye joto kali, jambo ambalo Mfaransa Louis-Camille Maillard alilieleza mwaka 1912. Ukoko wa mkate, kahawa ya kukaanga, nyama ya kuchoma, zote ni kazi hiyohiyo.

Kutoka hapo unaelewa makosa ya jikoni bila kufundishwa. Ukijaza samaki wengi mara moja, mafuta yanapoa, samaki wanachemka badala ya kukaanga, wanalainika na kunywa mafuta. Ukifunika sahani ingali moto, mvuke unarudi kwenye samaki na mlio unakufa. Ukifunga ndani ya sache mapema, ni vilevile. Sambaza inataka mafuta moto, kidogo kidogo, kisha hewa. Chumvi inyunyiziwe mara tu inapotoka, ishike. Ndimu isubiri mpaka dakika ya kula, sababu ndimu ni maji.

Sababu ya tatu: hakuna kinachotupwa. Kichwa, mfupa, mkia, vyote vinaliwa. Kwa hiyo pamoja na protini unapata kalsiamu ya mifupa, kitu ambacho kipande cha samaki mkubwa hakikupi. Kwa mtoto anayekua katika nyumba ambayo maziwa ni ya siku za sikukuu, hilo si jambo dogo.

Sababu ya nne, na kwangu mimi ndiyo kubwa, ni kwamba sambaza inagawanyika. Mguu wa kuku haununui nusu. Tilapia hauombi kichwa peke yake. Lakini sambaza, pesa yoyote uliyo nayo iko na kiasi chake.

"Mama, sambaza ni ngapi?"

"Muko na ngapi, batoto yangu?"

Sikilizeni vizuri jibu hilo. Muuzaji anauliza mfuko wako kwanza, ndipo anapima. Wanafunzi wanne wanachanga, wananunua bugali na kifungu kimoja, wanakula sahani moja. Hakuna anayejua nani amekula ngapi, na hakuna anayepewa aibu. Ndicho Ritz ilichofanya Marekani wakati wa shida ya 1934: kitu kidogo, cha bei ndogo, kinachomfanya mtu ajisikie yuko mezani na wengine. Tena, biskuti ya kutoka nje ukinunua, sehemu nzuri ya pesa inavuka mpaka. Ukinunua sambaza, pesa inapita katika ile mikono niliyohesabu juu.

Kinachoweza kuharibika

Mwaka 1986, mwanasayansi wa Ubelgiji Henri Dumont aliandika makala akiuliza kama kuletwa kwa samaki huyu Kivu ni maafa mengine ya mazingira kwa Afrika. Hakuwa anatania. Sambaza alipofika alikula zuplanktoni mpaka aina kubwa ya kidudu kimoja, Daphnia, ikatoweka ziwani. Dumont aliogopa kwamba samaki atamaliza chakula chake mwenyewe, kisha uvuvi utaanguka.

Haukuanguka. Vipimo vilivyofanywa miaka iliyofuata vilionyesha sambaza bado wako. Lakini tusikimbilie kusema Dumont alikuwa mwoga. Alichoona ni kweli: lile ziwa halina akiba. Samaki anaishi kwenye etaji moja tu, chakula chake kimepungua aina, na hawezi kwenda chini kujificha, sababu chini hakuna oksijeni. Tanganyika ni kubwa, samaki anaweza kukimbia huku akarudi kule. Kivu ni chumba kimoja.

Sasa, sambaza anazalia karibu na ukingo, na vifaranga wanakulia hapohapo kwenye maji ya kina kidogo. Wavu wa mitumbwi mitatu, ukiwa katikati ya ziwa na macho yake ya kawaida, unachukua wakubwa. Shida ni mtu anayetembea ukingoni na chandarua cha mbu, akikokota kila kitu. Yeye hakamati sambaza. Anakamata mwaka kesho wa sambaza. Kila kifaranga kilichokaangwa leo ni samaki ambaye hajazaa hata mara moja.

Ninajua kwa nini anafanya hivyo. Hana mtumbwi, hana taa, na watoto wanangojea. Vita ikisogea, barabara zikifungwa, watu wakijaa mjini kutoka vijijini, ziwa linakuwa shamba la mtu ambaye shamba lake limebaki nyuma. Kumtukana hakusaidii. Lakini kunyamaza pia hakusaidii. Ziwa ni la nchi mbili, Kongo na Rwanda, na samaki hajui mpaka. Upande mmoja ukifunga uvuvi kwa muda ili samaki wazae, na upande mwingine ukaendelea kukokota, yule aliyefunga amefanya kazi ya bure.

Kwetu sisi tuliosoma, ninaona mambo matatu ambayo hayangoji mradi wala fedha za nje.

La kwanza, tuangalie sahani. Sambaza mkubwa anajulikana: urefu wa kidole, mwili uliojaa. Ukiona kifungu cha vitu vidogo kama uzi, vinavyoshikamana, hao ni watoto. Usigombane na mama. Mwambie tu: "Mama, hizi ni ndogo sana, nitanunua ukileta kubwa." Wakisema hivyo wateja kumi kwa siku, kesho naye atamwambia hivyo yule anayemuuzia ukingoni. Soko linasikia haraka kuliko sheria.

La pili, ninyi wa agronomia, wa biolojia, wa mazingira, wa uchumi: kila mwaka tunaona TFC zenye vichwa vinavyofanana. Kuna maswali ziwani ambayo yanamngojea mtu. Ni kiasi gani cha sambaza kinaoza kati ya ukingo na soko? Mama anapoteza pesa ngapi wiki ya mwezi mkubwa? Samaki wa soko la Mabanga wana urefu gani, Januari kwa Desemba? Rula, daftari na subira vinatosha kuanza.

La tatu, ni kwa wale wanaotafuta cha kuanzisha. Historia ya biskuti ni historia ya kufunga kitu kikavu vizuri. Sambaza iliyokaushwa vizuri, ikafungwa isiingie unyevu, inaweza kusafiri mpaka Kisangani ao Kinshasa bila barafu. Baharia alitatua shida hiyo kwa unga. Wavuvi wa Tanganyika waliitatua kwa jua. Kwetu jua haliaminiki, mvua ni nyingi, na mkaa ni ghali. Hapo ndipo mtu wa fizikia na mtu wa biashara wanaweza kuketi pamoja, kwa sababu samaki mwingi wa msimu mzuri unaharibika wakati msimu mbaya tunalia bei.

Sambaza aliingia Kivu ndani ya vifaranga vya mwingine, bila kualikwa kwa jina lake, akazoea maji yasiyo yake, akalisha watu. Siku hizi hatuwezi kufikiria Goma bila yeye. Tumpe angalau nafasi ya kuzaa kabla ya kumtia kwenye karai.